Nani Aliyeimba? Tafakuri juu ya Bendi ya Kuchorwa

Mnamo Septemba 1969 wimbo uliopanda hadi namba moja kwenye chati ya Billboard nchini Marekani ulikuwa wa bendi isiyokuwa na mwanachama hata mmoja aliye hai. Bendi iliitwa The Archies, na wimbo uliitwa "Sugar, Sugar". Aliyeshika gitaa na kuongoza kuimba alikuwa Archie Andrews, kijana mwenye nywele nyekundu aliyekuwa akionekana kwenye vitabu vya katuni tangu mwaka 1941. Besi ilikuwa ya Reggie, dramu za Jughead, kinanda cha Veronica na tari la Betty. Wote watano walikuwa michoro, wakazi wa mji wa kubuni wa Riverdale, na watoto waliwatazama kila Jumamosi asubuhi katika kipindi cha The Archie Show. Wimbo wao uliuondoa kileleni wimbo wa Rolling Stones, ukakaa hapo wiki nne. Nchini Uingereza ulikaa namba moja kwa wiki nane. Mwaka ulipokwisha, jarida la Billboard liliuhesabu kuwa wimbo uliofanya vizuri kuliko nyimbo zote za mwaka huo.

Mwaka wenyewe haukuwa mwepesi. Vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea, na mwezi Agosti mamia ya maelfu ya vijana walikusanyika kwenye tamasha la Woodstock kuwasikiliza wanamuziki waliowapenda kwa sababu waliona maisha yao na nyimbo zao ni kitu kimoja. Mwezi mmoja baadaye nchi hiyo hiyo ikawa inaimba pamoja na michoro. Wapo walioona kwamba hiyo ni aibu, ushahidi kuwa biashara imeushinda muziki. Mimi naona kwamba ni swali, tena zito. Mtu anapoguswa na sauti ya asiyekuwepo, ameguswa na nini? Furaha aliyoipata ni yake kweli, au amelaghaiwa?

Nitalitaja jibu langu mapema ili msomaji alipime njiani. Naamini kwamba maana ya wimbo haiamuliwi na jina lililoandikwa kwenye jalada. Maana inapatikana pale sauti inapokutana na mtu aliye tayari kuitikia. Kwa hiyo furaha ya watoto wa mwaka 1969 ilikuwa ya kweli. Lakini naamini pia kwamba nyuma ya kila sauti yupo mtu, na mtu huyo ana haki ya kutambuliwa. Mawazo haya mawili hayapingani. Matatizo huanza tunaposhika moja na kuliacha la pili.

Bendi ya The Archies ilizaliwa kutokana na ugomvi. Mwaka 1966 televisheni ya NBC ilianza kurusha kipindi cha The Monkees, kilichohusu vijana wanne wanaojaribu kutafuta riziki kwa bendi yao. Vijana hao, Davy Jones, Micky Dolenz, Michael Nesmith na Peter Tork, walichaguliwa kuigiza bendi. Msimamizi wa muziki alikuwa Don Kirshner, mfanyabiashara wa nyimbo aliyejua vizuri watunzi wa New York. Utaratibu wake ulikuwa wazi: yeye anachagua nyimbo, wapigaji wa kulipwa wanarekodi muziki, kisha vijana wanaitwa kutia sauti. Sahani za santuri ziliuzwa kwa mamilioni. Hata hivyo vijana hawakuridhika. Walitaka kupiga ala zao wenyewe na kusikilizwa katika uamuzi wa nini kitolewe kwa jina lao. Mapema mwaka 1967 Kirshner akaondolewa. Mwezi Mei mwaka huo wakatoa albamu ya Headquarters, ambayo sehemu kubwa waliipiga wenyewe, nayo ikafika namba moja. Watu walioajiriwa kuigiza bendi wakawa bendi.

Kirshner alichukua somo tofauti na lile tunaloweza kulichukua sisi. Mwaka 1968 kampuni ya Filmation ya Lou Scheimer na Norm Prescott ilikuwa ikitayarisha katuni ya Archie kwa ajili ya televisheni ya CBS, naye akapewa kusimamia nyimbo. Safari hii wanamuziki wake hawangegoma. Mchoro hauombi nyongeza ya malipo, haugombanii wimbo, hauzeeki na hauchoki. Kipindi kilianza tarehe 14 Septemba 1968.

Hapa pana tamaa inayostahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu bado iko hai hadi leo: tamaa ya kupata sauti bila kumpata mwenye sauti. Kinachotakiwa ni utamu wa koo la binadamu pasipo hiari yake, uchovu wake, maoni yake na madai yake. Mchoro ulionekana kuwa njia ya kuitimiza tamaa hiyo. Lakini mchoro hauna koo. Saa ya kurekodi ilipofika, ilibidi mtu aitwe, aingie studio, avute pumzi na aimbe.

Tuitazame katuni yenyewe kwa karibu, pale bendi inapoanza kupiga. Filmation ilifanya kazi kwa bajeti ndogo, hivyo wachoraji walitumia michoro michache na kuirudia mara nyingi. Mkono wa Archie unapanda na kushuka juu ya nyuzi kwa mwendo ule ule, wimbo uwe wa kasi au wa taratibu. Vijiti vya Jughead vinashuka mahali ambapo mdundo haupo. Veronica anabonyeza kinanda huku vidole vyake vikibaki pale pale wakati tuni imekwishahama. Betty anatikisa tari, na mbwa wao Hot Dog anachukua nafasi ya kuongoza bendi. Onyesho ulilotazama wiki iliyopita linarudi wiki hii likiwa limewekewa wimbo mwingine. Wakati huo huo, kinachosikika kimefanywa kwa ustadi mkubwa: besi ya Chuck Rainey, dramu za Gary Chester, mabingwa wa kazi yao ambao New York nzima iliwategemea. Macho yanaona kitu cha haraka haraka, masikio yanapokea kitu kilichokamilika.

Mtoto aliyeketi mbele ya runinga hakusumbuliwa na tofauti hiyo. Wala hakuwa mjinga. Alijua kwamba Archie amechorwa, kama alivyojua kwamba mbwa haongozi bendi. Alichofanya ni kukubali makubaliano ambayo binadamu wameyafahamu kwa karne nyingi, kwamba kitu cha kubuni kinaweza kubeba kitu cha kweli.

Aliyewahi kukaa kusikiliza ngano anayajua makubaliano hayo. Bibi anasimulia, sungura anafika kisimani, na pale hadithi inapokaza, sungura anaimba. Watoto wote wanaitikia. Hakuna anayeuliza kama sungura ana sauti, na hakuna anayetoka pale akidhani amedanganywa. Wimbo wa sungura unatimia kwa sababu umeitikiwa. Ngano isiyopata waitikiaji huishia njiani. Hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba bibi mwenyewe yupo. Mtoto anamwona, anaona mdomo wake ukicheza, anasikia pumzi yake ikikatika kwenye mstari mrefu. Kesho yake akisifu wimbo, anamsifu bibi. Sungura ameazimwa sauti, na kila mtu anamjua mwenye sauti.

The Archies walikuwa na la kwanza, wakakosa la pili. Waitikiaji walikuwepo kwa mamilioni. Aliyefichwa ni bibi.

Waliokasirishwa na wimbo ule walikuwa na hoja, na hoja yao haifai kupuuzwa. Walisema wimbo ni ushuhuda. Anayeimba juu ya mapenzi awe amependa, na anayeimba juu ya dhiki awe ameionja. Bila hivyo maneno ni makopo matupu. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Zipo nyimbo ambazo uzito wake wote unatokana na kujua kwamba aliyeziimba alipita pale anapopasema, na ukimwondoa yeye unabaki na kivuli.

Lakini hoja hiyo ikifanywa kuwa sheria ya nyimbo zote, inashindwa. Husimuliwa kwamba "Sugar, Sugar" ulipokuwa mpya, watu wa matangazo walipata shida kuwashawishi wasimamizi wa redio waupige, kwa kuwa hawakutaka muziki wa katuni za watoto. Mmoja wa watu hao wa matangazo huko San Francisco akaing'oa lebo, akawasikilizisha bila kuwaambia ni nani. Wakaupenda, wakaurusha hewani. Simulizi hii, ambayo mwimbaji wa wimbo huo mwenyewe ameisimulia mara nyingi, inatufundisha jambo juu ya hukumu zetu. Mara nyingi tunahukumu lebo kabla ya sauti. Tunapomjua msemaji tunadhani tumekwisha kusikia alichosema.

Kisha mwaka 1970 Wilson Pickett akauchukua wimbo huo. Pickett alizaliwa Prattville, Alabama, na kabla ya kuwa nyota wa muziki wa soul aliimba injili na kikundi cha The Violinaires. Aliuimba kwa ile sauti yake ya mkwaruzo iliyokomaa kanisani, nao ukaingia kumi bora za chati ya muziki wa watu weusi. Maneno yalikuwa yale yale na tuni ile ile. Kilichotungwa ili kiuzwe kwa watoto wa Jumamosi asubuhi kikawa wimbo wa mtu mzima mwenye jasho usoni.

Nalitafakari tukio hili mara kwa mara kwa sababu linafunga njia mbili rahisi. Kama maana ya wimbo ingekuwa mali ya mwimbaji peke yake, Pickett asingekuwa na kitu cha kuchukua kutoka kwa Archie, kwani Archie hakuwa na maisha wala moyo. Wimbo ungekuwa mtupu tangu mwanzo. Na kama maana ingekuwa imekaa kwenye maneno na tuni peke yake, Pickett asingeweza kuongeza chochote. Ukweli ni kwamba maneno na tuni vilitoa nafasi, sauti ikaja kuijaza, na msikilizaji akaja na maisha yake kukamilisha kazi. Msichana wa miaka 15 aliyekuwa akipenda kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuhitaji Archie awe amempenda Betty kweli. Mapenzi yaliyohusika yalikuwa ya msichana huyo. Wimbo ulimpa namna ya kuyasema.

Basi nani aliyeimba? Sauti ya Archie ni ya Ron Dante, kijana wa Staten Island aliyekuwa na miaka 24 wimbo ulipofika kileleni. Sauti ya kike inayojibu ni ya Toni Wine, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshatunga "A Groovy Kind of Love" pamoja na Carole Bayer Sager. Watunzi walikuwa Jeff Barry na Andy Kim. Barry ndiye aliyetayarisha rekodi. Mtu huyu alishiriki kuandika "Be My Baby" na "Chapel of Love". Kwenye lebo ya sahani majina ya watunzi yaliwekwa, na la Kirshner likawekwa. Kwenye nafasi ya waimbaji paliandikwa The Archies.

Jambo hilo lilijirudia wakati huo huo. Miezi ile ile ya mwisho wa mwaka 1969, wimbo mwingine uitwao "Tracy", wa kundi la The Cuff Links, uliingia kumi bora za Marekani. Sauti zote za kundi hilo zilikuwa za Ron Dante, zilizorekodiwa moja juu ya nyingine. Mtu mmoja alikuwa akisikika kila redio ilipowashwa, mara mbili, na angeweza kuingia dukani kununua sahani zake mwenyewe bila muuzaji kumtambua.

Sitaki kumfanya Dante mtu wa kuhurumiwa. Yeye mwenyewe hakuishi kwa kinyongo. Alikwenda kuwa mtayarishaji wa rekodi za Barry Manilow, ikiwemo "Mandy" ya mwaka 1974, na miaka ya baadaye alipanda jukwaani akauimba "Sugar, Sugar" kwa jina lake, mbele ya watu waliousikia utotoni. Toni Wine naye alikuwa na kazi yake ndefu na yenye heshima. Wala sisemi mchoro ni dhambi. Hata Ron Dante ni jina la jukwaani. Alizaliwa Carmine Granito. Wasanii wamevaa majina na sura nyingine tangu zamani, kwa hiari yao, na sanaa imenufaika.

Tofauti iko kwenye hiari hiyo, na kwenye nani anayefaidi kificho. Mtu anapojivika barakoa, barakoa ni yake. Akivikwa na mwingine ili asitambulike, asidai, na nafasi yake iweze kujazwa na yeyote, barakoa imekuwa kitu kingine. Kuna atakayesema kwamba wote walisaini mikataba na wakalipwa. Nakubali. Mkataba unamaliza hesabu ya pesa. Lakini msikilizaji hakusaini mkataba wowote. Yeye alipokea zawadi kutoka kwa mtu, na ana haki ya kujua amshukuru nani.

Mwaka 1970 katuni nyingine ya bendi ilionyesha upande mwingine wa jambo hili. Josie and the Pussycats, iliyotoka pia kwenye vitabu vya Archie na kutengenezwa na Hanna-Barbera, ilihusu wasichana watatu: Josie, Melody na Valerie. Valerie alikuwa msichana mweusi, mpiga tari mwenye akili nyingi, na ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mhusika wa kudumu katika katuni za Jumamosi asubuhi nchini Marekani. Kuwapo kwake kunahusiana na sauti. Danny Janssen, mtayarishaji wa nyimbo za kipindi hicho, alimchagua Patrice Holloway awe mmoja wa waimbaji watatu. Historia ya kipindi inasimulia kwamba kampuni ilitaka wasichana wote wawe weupe, ikataka Holloway abadilishwe, na Janssen akagoma hadi uamuzi ukageuzwa.

Holloway hakuwa mgeni katika muziki. Pamoja na dada yake Brenda Holloway alikuwa miongoni mwa watunzi wa "You've Made Me So Very Happy", wimbo ambao Blood, Sweat & Tears waliufikisha namba mbili mwaka 1969. Sauti yake ndiyo iliyofanya mchoro wa Valerie usiwe pambo tu. Hapa mwelekeo uligeuka: kwa Archie mchoro ulimfunika mwimbaji, kwa Valerie mwimbaji alisaidia kuamua mchoro uwe na sura gani. Mtoto mweusi aliyemwona Valerie Jumamosi asubuhi aliona kwamba kwenye bendi ya kubuni pana nafasi yake. Ikiwa pana nafasi yake katika mambo ya kubuni, mawazo yake juu ya mambo ya kweli yanapanuka. Ndiyo maana siwezi kukubali wanaosema kwamba kwa kuwa ni katuni, haina maana. Watu wasingegombana juu ya rangi ya mchoro kama mchoro usingekuwa na maana.

Katuni iliyolifikiria suala hili la barakoa kwa undani zaidi ilikuja mwaka 1985. Katuni hiyo, Jem, ilitokana na mpango wa kampuni ya Hasbro ya kuuza wanasesere. Mwandishi Christy Marx alikabidhiwa kuwatungia maisha wanasesere hao, akaandika hadithi yenye uchungu halisi. Jerrica Benton amefiwa na baba. Ameachiwa nusu ya kampuni ya muziki, jukumu la nyumba ya wasichana yatima, na kompyuta iitwayo Synergy inayoweza kutengeneza hologramu. Kwa kugusa hereni zake zenye umbo la nyota, Jerrica anafunikwa na sura nyingine, ya Jem, mwimbaji mwenye nywele za waridi. Anaimba na Kimber mdogo wake, pamoja na Aja na Shana ambao familia yake iliwalea. Pesa zinazopatikana zinaitunza nyumba ya yatima.

Kiini cha hadithi ni siri. Rio, kijana anayempenda Jerrica, anavutwa pia na Jem, asijue kwamba ni mtu mmoja. Jerrica anajikuta akimwonea wivu mwanamke ambaye ni yeye mwenyewe. Akiwa Jem anathubutu mambo ambayo Jerrica, mwenye mzigo wa madeni na watoto wa kuwalisha, hathubutu. Je, Jem ni uongo? Katuni haitoi jibu la haraka, na hapo ndipo ninapoiheshimu. Inaonyesha kwamba sura ya kubuni inaweza kumpa mtu uhuru, na kwamba uhuru huo huo unagharimu uaminifu wake kwa aliye karibu naye. Kadiri siri inavyodumu ndivyo Rio anavyozidi kutotendewa haki, hata kama nia ni njema.

Ajabu ya ziada ni kwamba hata nyuma ya Jem walikuwepo wanawake wawili. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya Samantha Newark. Alipoimba, ilikuwa ya Britta Phillips, ambaye baadaye alijiunga na bendi ya Luna. Na hadithi nzima, iliyoanzishwa ili maduka yauze wanasesere, iliwapa watoto waliokua miaka ile maswali ambayo wengi wao hawajayamaliza hadi leo. Lengo la mwenye pesa halina uwezo wa kuweka mpaka wa maana. Hasbro ilitaka wateja, Marx akawapa wateja hao kitu cha kufikiria.

Kwa muda mrefu mambo haya yangeweza kuonekana ya kihistoria tu. Sasa yamerudi mlangoni. Mwaka 2007 kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo, Japani, ilitoa Hatsune Miku, programu ya kuimbisha kompyuta iliyopewa sura ya msichana mwenye nywele ndefu za kijani cha samawati. Sauti yake ilitengenezwa kutokana na sauti ya mwigizaji Saki Fujita, ambaye alirekodi silabi zake kwa makusudi hayo na jina lake linajulikana. Watu wa kawaida wameitumia kutunga nyimbo nyingi mno na kuziwekea majina yao. Huo ni mfano wa kubuni kunakofanywa kwa haki: mchoro unajulikana kuwa ni mchoro, mwenye sauti anajulikana, mtunzi anajulikana. Umati unapojaa ukumbini kumshangilia Miku, hakuna aliyedanganywa.

Mwezi Aprili 2023 tuliona kinyume chake. Wimbo uitwao "Heart on My Sleeve" ulisambaa mtandaoni ukiwa na sauti za Drake na The Weeknd, wanamuziki ambao hawakuingia studio kuuimba. Sauti zao ziliigizwa kwa akili mnemba. Uliondolewa kwenye majukwaa ya muziki ndani ya siku chache, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Mwaka 1969 Dante aliimba na sifa zikaenda kwa asiyekuwepo. Safari hii mtu hakuimba, na sauti yake ikatumika kama vile aliimba. Tamaa ni ile ile ya Kirshner, ila sasa ina nyenzo ambazo yeye hakuwa nazo. Mchoro wa Filmation ulilazimika kumwita mtu aje aimbe. Mashine za leo zimejifunza kutokana na rekodi za watu wengi mno, wengine hawakuulizwa, na hakuna lebo inayoweza kubeba majina yao yote.

Wengi wanajibu hali hii kwa kuuliza kama muziki wa mashine una maana. Nadhani ni swali lililokosea mlango. Msikilizaji akifiwa na mpendwa wake, kisha akalia kwa wimbo uliotengenezwa na mashine, machozi yake si ya bandia, na hakuna mwenye haki ya kumwambia hakuhisi. Alichohisi ni chake, kama mapenzi ya msichana wa mwaka 1969 yalivyokuwa yake. Swali la kuuliza ni la haki: sauti hii imetoka kwa nani, aliombwa, alikubali, ametajwa? Tukiyachanganya maswali haya mawili tunaumia pande zote. Anayesema wimbo hauna maana kwa sababu mwimbaji ni wa kubuni anawadharau wasikilizaji. Naye anayesema mwimbaji si kitu kwa sababu wimbo umetugusa anamdhulumu aliyetugusa.

Mwanamuziki anaponikumbusha kwamba riziki yake iko hatarini, namwelewa. Lakini hasara ni kubwa zaidi ya riziki. Kumjua aliyeimba ni sehemu ya kujifunza kwamba uzuri hutoka kwa watu. Mtoto anayekua akidhani nyimbo zinatoka tu, kama maji ya bomba, atakuwa mtu mzima asiyejua kushukuru na asiyefikiri kwamba hata yeye anaweza kuimba. Mtoto aliyeambiwa kwamba sauti ya Archie ni ya kijana wa Staten Island, kwamba sauti ya Valerie ni ya Patrice Holloway ambaye mtu mmoja alikataa aondolewe, anajua kwamba vitu hivi vimefanywa na watu kama yeye, na kwamba wakati mwingine vimepiganiwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaotayarisha katuni zenye nyimbo kwa ajili ya watoto wetu, na kwa wanaozitia sauti za Kiswahili. Andikeni majina ya waimbaji mahali panapoonekana, yakae muda wa kutosha kusomeka. Na kwa mzazi, mlezi au mwalimu: waacheni watoto wawapende wanamuziki wa kuchorwa na waitikie nyimbo zao bila kuona haya, kisha waambieni ni nani aliyeimba. Kama humjui, mtafute pamoja na mtoto. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na aliyeimba anastahili.